Kabla ya kulia, jua unataka nini: uzi kwa wanafunzi wa maigizo na wote wanaoanza kuigiza

Mtu wa Mazoezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naongoza vikundi vya vijana wa maigizo hapa Dar. Nilianzia Temeke, nikapita Magomeni, sasa niko Sinza. Kundi jipya likija, naomba kila mmoja aigize chochote anachopenda. Karibu wote wanafanya mambo mawili tu: kulia au kugombana. Binti anafunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Ukimuuliza unamlilia nani, hajui. Unataka huyo mtu akufanyie nini? Hajui pia. Anachojua ni kwamba ana huzuni, na huzuni amezoea kuiona ikionyeshwa hivyo.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja, mengine yote yanakifuata: hisia haiigizwi. Kinachoigizwa ni haja. Mwigizaji anaingia jukwaani akiwa anataka kitu kwa mtu aliye mbele yake, anakitafuta kwa njia hii na ile, anakataliwa, anabadilisha njia. Hisia inazaliwa humo humo, na hadhira inaiona hata kama yeye mwenyewe hakuipanga.

Aliyeliweka jambo hili katika utaratibu wa kufundishika ni Mrusi, Konstantin Stanislavski (1863–1938). Mwaka 1898 yeye na Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha jumba lao la maigizo kule Moscow, na maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kutafuta namna ya kumfanya mwigizaji awe mkweli kila siku, si siku ile tu ambayo ameamka vizuri. Shule nyingi za uigizaji duniani leo zimetokana na yeye au zimetokana na kubishana naye.

Sasa msamiati. Mtasikia watu wakisema fulani "ameuvaa uhusika". Ni sifa kubwa, lakini uhusika huvaliwa vipi? Anza na hali ya mhusika. Yeye ni nani, yuko wapi, ni saa ngapi, ametoka wapi, nini kimetokea dakika moja kabla hajaingia, na ana uhusiano gani na kila aliyepo. Majibu yanatoka kwenye muswada kwanza. Kisichoandikwa unakibuni, ilimradi kisipingane na kilichoandikwa. Stanislavski alikuwa na swali dogo la kufungulia mlango huo: *kama* ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini? Hajakwambia uamini kwamba wewe ni mfalme. Amekwambia ujiulize ungefanya nini kama ungekuwa mfalme.

Halafu haja: mhusika anataka nini katika onyesho hili, kwa mtu huyu, sasa hivi. Juu yake kuna haja kuu, ile inayomsukuma mchezo mzima. Mbele yake kuna kikwazo. Bila kikwazo hakuna mchezo, kuna mazungumzo tu.

Na kuna kitendo, ambacho kwangu ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote. Kila sentensi ya mhusika ipe kitenzi kinachomgusa mwenzako. Kuhuzunika, kukasirika, kufurahi, hivyo mwigizaji hawezi kuvifanya akiamua. Lakini kumbembeleza mtu anaweza. Kumsuta, kumlainisha, kumtisha, kumnyenyekea, kumchimba, kumzuga, kumpoza, kumkomoa, kumtega, vyote hivyo anaweza kuvianza dakika hii hii. Lugha yetu ina utajiri wa ajabu hapa. Chukua penseli, kaa na muswada, na pembeni ya kila mstari andika kitenzi chenye "m" ya mtu ndani yake. Ukikosa kitenzi, bado hujauelewa mstari huo.

Nitawaonyesha kwa onyesho ninalotumia mazoezini. Mama mwenye nyumba na mpangaji kijana, jioni, mlangoni kwa kijana, uswahilini:

MAMA: Upo?
KIJANA: Nipo, mama. Shikamoo.
MAMA: Marahaba. Nimeona taa inawaka.
KIJANA: Ndiyo, leo nimewahi kurudi.
MAMA: Umeme wenyewe siku hizi unakwenda haraka.
KIJANA: Karibu ndani, mama.
MAMA: Hapana, nimepita tu.

Hakuna aliyetaja kodi. Wanafunzi wakilisoma mara ya kwanza, mama anaingia amefura, anafoka "Upo?" kama polisi, na kijana anatetemeka. Wameigiza kodi ambayo haijatajwa, na onyesho limekwisha kwenye neno la kwanza. Hakuna pa kwenda tena.

Sasa wape haja. Mama anataka kijana aitaje hela *yeye mwenyewe kwanza*, kwa sababu ni mtu mzima na hataki kuonekana anadai mlangoni majirani wakisikia. Kijana anataka mama aondoke kabla ya neno kodi kutoka. Angalia vitenzi vinavyobadilika. "Upo?" ya mama ni kumpima. Shikamoo ya kijana ni kumlainisha, anaitoa haraka, anainamisha kichwa kidogo. Halafu "Marahaba." Yule binti aliyefanya vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye onyesho hili aliichelewesha kwa pumzi moja tu. Alimtazama kijana machoni, akaitazama taa ya ndani, ndipo akaitikia. Ukumbi mzima ulijua kijana anadaiwa. Katika "Nimeona taa inawaka" anamtega. "Karibu ndani" ya kijana ni kumzuga, maana mkono wake bado umeshika mlango na mwili wake umeziba njia. Na "nimepita tu", aliisema huku anafunga upya ncha ya kanga yake, taratibu, bila kunyanyua mguu. Hajapita. Amesimama pale mpaka alipwe.

Hiyo ndiyo tunaita maana iliyofichika, maneno yaliyo chini ya maneno. Sisi watu wa Pwani tumekulia humo. Tunasema "haya bwana" tukiwa hatujakubali chochote. Mwanafunzi wa Dar anaijua kazi hii kutoka nyumbani kwao, tatizo ni kwamba akipanda jukwaani anaiacha mlangoni na kuanza kupiga kelele.

Naomba niishie hapa kwanza. Maswali yaje, tutaendelea.

---

Binti wa Tandika

Asante sana mwalimu, nimekopi yote. Mimi niko mwaka wa kwanza sanaa za maonyesho, na jioni huwa naitwa kwenye filamu ndogo ndogo. Swali langu: dairekta akisema lia, na kamera imewashwa, nifanyeje? Lokesheni niliyokwenda mwezi uliopita walinipaka kitunguu chini ya macho. Mwingine akaniambia nikumbuke msiba wa baba. Nilikumbuka kweli, nikalia, lakini usiku sikulala.

---

Mtu wa Mazoezi

Dada, pole sana. Umeuliza jambo ambalo wakubwa wa fani hii waligombana kwalo.

Stanislavski mwanzoni alifundisha kumbukumbu ya hisia: rudia kwa akili tukio la maisha yako, harufu yake, mwanga wake, mpaka hisia irudi. Kule New York, mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg akaifanya nguzo ya mafunzo yake. Mwaka 1934 mwigizaji mwenzake Stella Adler alikutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, akarudi Marekani na habari kwamba mzee ameshauhamisha uzito: hali ya mhusika na vitendo kwanza, kumbukumbu binafsi baadaye. Tangu hapo shule hizo mbili zilishika njia tofauti.

Mimi niko upande wa Adler, na kwa mwanafunzi kijana siyumbi kwenye hili. Kidonda kibichi hakitumiki kazini. Hakuna mwongozaji mwenye haki ya kukuagiza umfukue baba yako ili apate picha, na ukiambiwa hivyo jibu kwa heshima: "Nipe hali ya mhusika, nitafanyia kazi." Huzuni ya kweli inayokuja bila mpaka haimsaidii hata mhusika, maana inakuwa ya kwako na si ya kwake. Na ukirudia picha mara ya tano, huzuni hiyo haipo tena, umebaki umechoka tu.

Badala yake fanya hivi. Katika maisha, mtu mwenye machozi kwa kawaida anajitahidi *asilie*. Anameza mate, anatazama juu, anajishughulisha. Kwa hiyo mpe mhusika wako kazi ya mikono inayohitaji umakini, kisha mpe haja ya kuimaliza. Mjane anakunja mashati ya marehemu ili shemeji aondoke nayo. Anataka yakunjwe vizuri, kola zikae sawa, vifungo vifungwe kimoja kimoja. Anafika kwenye kifungo kilichokatika, ambacho aliahidi kukishona. Endelea kukunja. Usiyatafute machozi. Yakija, yazuie, yasipokuja, hadhira italia kwa niaba yako. Stanislavski alipozeeka aliegemea sana upande huu wa vitendo vya mwili, kwa sababu mwili unaamriwa na hisia haiamriwi.

Kitunguu na menthol watu wanatumia, hata wakubwa, picha ikirudiwa mara nyingi. Ni sawa na vipodozi. Ila machozi bila haja ni maji tu usoni.

Na baada ya onyesho zito, vua uhusika. Nawa uso, vua maleba (mavazi ya mchezo), taja jina lako kwa sauti, piga stori na wenzako mambo mengine kabisa kabla hujapanda daladala. Ufanye kila mara, kama unavyopasha mwili kabla ya kuanza.

---

Kijana Kimara

Mkuu mimi tatizo langu ni sauti. Tulifanya mchezo kwenye ukumbi fulani wa bati, mvua ikaanza, hakuna aliyesikia kitu. Pia mwalimu ananiambia nasema mistari kama nasoma risala. Nimejitahidi kubadilika imeshindikana.

---

Mtu wa Mazoezi

Kaka, hilo la risala ni la kwetu sote. Tangu shule ya msingi, mtoto anayejua kusema mbele za watu tunampa risala ya mgeni rasmi au ngonjera. Tunamfundisha mapigo: sauti ipande, itue, mkono unyooke, wote kwa pamoja. Ni sanaa nzuri na ina mahali pake, na ikitokea mchezo wenye ubeti ndani utamshukuru mwalimu wako wa darasa la nne. Ila katika mchezo wa watu wanaozungumza sebuleni, wimbo ule unafunika haja. Masikio yanasikia mapigo, hayasikii mtu.

Dawa yake iko kwenye kukariri. Wengi wanakariri kwa kuimba mistari kitandani, na wimbo unaganda pamoja na maneno. Kariri huku unafanya kazi: fagia, osha vyombo, tembea. Sema mistari bila rangi yoyote, tambarare kabisa, mpaka maneno yatoke bila kufikiri. Rangi itatoka kwa mwenzako mkikutana mazoezini, kwa namna atakavyokujibu. Njia nyingine: mwambie mwenzako maana ya mstari kwa maneno yako ya mtaani, papo hapo useme mstari wenyewe. Ule uzungumzaji wa mtaani utaingia ndani.

Sasa sauti. Kupiga kelele kunaua koo na hakufiki mbali. Sauti inarushwa kwa pumzi, na pumzi inaendeshwa na kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu. Lala chali kwenye mkeka, weka kitabu tumboni. Ukivuta pumzi kitabu kipande, ukitoa kishuke polepole huku unasema "ssss" kwa mkondo mmoja usiokatika. Mabega yasipande. Ukishaweza ukiwa umelala, fanya umesimama, kisha fanya na mstari wa mchezo, ukimlenga mtu wa safu ya mwisho.

Kuna kosa la Kiswahili hasa ambalo sijawahi kuliona likiandikwa kwenye vitabu vya uigizaji vya nje, na haliwezi kuwemo. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi wakishapita pale wanaimeza ya mwisho. Lakini maana nyingi ziko mwishoni! "Aingie" ni amri au ruhusa, "aingia" ni habari. "Amepiga" na "amepigwa" vinatenganishwa na sauti ndogo sana mwishoni, na mchezo mzima unaweza kuwa unategemea nani kampiga nani. Ukumbini, mvua au bodaboda nje, silabi hiyo ikianguka sentensi imekufa. Ipe pumzi yake kamili, bila kuibana na bila kuikaza.

Kwa ulimi tumia vitanza ndimi, taratibu kwanza, kasi baadaye. "Watu wa Liwale wala wali wa liwali" kinawaumbua wote wanaochanganya "l" na "r", nami nasisitiza kisemwe kikiwa safi kabla hakijawa cha haraka.

Mvua ikipiga bati, acheni mchezo usimame kidogo. Shikeni picha mliyokuwemo, mwendelee kutazamana mkiwa ndani ya uhusika, mvua ikipungua mstari ufuate. Watazamaji wa hapa wanalielewa hilo vizuri.

---

Mkongwe wa Ilala

Vijana hamjambo. Nimesoma yote nikafurahi, ila nina dukuduku. Sisi enzi zetu kikundi kilikuwa hakina hata karatasi. Kiongozi anasema: wewe mlevi, wewe mke, wewe mjumbe wa nyumba kumi, ingieni. Na watu walijaa. Huyo Mrusi hakuwepo. Kwa nini vijana wafundishwe kwamba sanaa imetoka Ulaya? Mhaya na majigambo yake alifundishwa na nani? Bibi akitamba hadithi, alisomea wapi?

---

Mtu wa Mazoezi

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli na nashukuru umeingia.

Bibi anayetamba hadithi anafanya jambo ambalo mwanafunzi aliyesomea uigizaji miaka mitatu linamshinda: ni msimulizi, sekunde hiyo hiyo ni Sungura, kisha ni Fisi, kisha anamgeukia mtoto anayesinzia na kumuuliza swali, na hadithi haikatiki. Hadhira yake haikai kimya, inaitikia, inaimba. Waandishi wetu waliliona hilo. Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Amandina Lihamba, wote kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliingiza ngoma, nyimbo na utambaji ndani ya tamthilia zao. Hussein alikwenda kusoma Ujerumani Mashariki, nchi ya Bertolt Brecht, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, ambaye yeye alitaka mwigizaji *amwonyeshe* mhusika badala ya kuzama ndani yake, ili mtazamaji abaki anafikiri. Mwigizaji wa Brecht na bibi wa hadithi wangeelewana haraka sana. Na walimu wa chuo hicho hicho walipokwenda Malya, Mwanza, miaka ya 1980, wananchi walichambua matatizo yao wenyewe kwa ngoma na maigizo, wakicheza wao.

Kwa hiyo kijana ajue zote mbili. Haja na vitendo vitamsaidia kwenye filamu na mchezo wa sebuleni. Utambaji, majigambo na ngonjera vitamsaidia pale mchezo unapovunja ukuta na kuzungumza na watu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, kinafundisha ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja, na mwigizaji anayejua kucheza ngoma utamtambua tu anavyotembea.

Na hicho mlichokuwa mnafanya, mzee, papo kwa papo, ndicho waigizaji wa filamu zetu wanaishi nacho, maana mara nyingi wanapewa wazo la sini na maneno wanajitafutia. Sheria yake kubwa: kubali alichokupa mwenzako, kisha ongeza chako. Akisema "Daktari, mguu wangu!" wewe ni daktari tayari. Ukijibu "mimi si daktari" umemnyang'anya ardhi aliyosimamia. Sheria ya pili ni kusikiliza, na hii inakosekana kuliko zote. Mwigizaji anasubiri zamu yake, haitikii. Mmarekani Sanford Meisner alikuwa na zoezi la kuponya hilo: wawili mnatazamana, mmoja anasema anachokiona, "umevaa shati jekundu," mwenzake anarudisha, "nimevaa shati jekundu," tena na tena. Maneno hayabadilishwi kwa kupanga. Kinachobadilika ni kile kinachopita kati yenu: mmoja anacheka, mwingine anaona aibu, shati jekundu linageuka lawama. Jaribuni wikiendi hii, mtashangaa dakika ya tatu kinatokea nini.

---

Mkongwe wa Ilala

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kusikiliza umenigusa. Mlevi wetu alikuwa anasikiliza kuliko mtu mzima yeyote pale.

---

Binti wa Tandika

Mwalimu la mwisho, samahani. Wiki ijayo nina usaili wa tamthilia ya televisheni. Jukwaa na kamera kuna tofauti gani, na nijiandaeje?

---

Mtu wa Mazoezi

Haja ni ile ile, kipimo ndicho kinabadilika. Jukwaani wazo linapaswa kufika kwa mtu wa safu ya mwisho, kwa hiyo mwili mzima unalibeba. Kamera ikiwa karibu na uso, wazo likipita tu machoni linaonekana, na ukiliongezea nyusi linakuwa uongo. Punguza sauti mpaka ya mtu anayeongea na mwenzake mezani, usipunguze haja. Usitazame lenzi mpaka uambiwe. Na kumbuka mwendelezo: kama kwenye picha ya mbali ulinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto kwenye neno "kesho", picha ya karibu ni mkono huo huo, neno hilo hilo.

Jukwaani shika hili tu kwa sasa: kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji anayeitazama hadhira, mbele ni upande wa watu. Usimzibe mwenzako anayesema, na usitembee kwenye mstari wa mwingine bila sababu.

Usaili: andaa vipande viwili vifupi, kimoja kizito kimoja chepesi, kila kimoja kiwe na mtu unayezungumza naye na kitu unachokitaka kwake. Mweke mtu huyo hewani kidogo kando ya kamera, si juu ya msaili. Usianze na kilio. Wakikwambia urudie kwa namna nyingine, hiyo ni dalili nzuri: wanapima kama unasikia maelekezo, kwa hiyo badilisha kweli. Badilisha kitenzi, kama ulikuwa unambembeleza, sasa mtishe.

Na hili naliandika kwa mabinti na wavulana wote. Usaili unafanyika mchana, ofisini au studio, watu wakiwepo. Haufanyiki chumba cha gesti. Mtu akikuomba mwili ili akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapigiwa bure namba 113. Nenda na mwenzako, mwambie mtu wa nyumbani ulipo.

Ukishachagua vipande vyako viweke hapa hapa na vitenzi vyake pembeni, wadau tuvipitie kabla ya siku yenyewe.